Kuamia ndege na kucheza bao: miezi yangu ya corona

Vyuo vilipofungwa tarehe 18 Machi 2020, siku moja baada ya shule, nilibaki geto Ng'ong'ona, Dodoma, nikidhani nimepata likizo. Kwetu watu hawakufungiwa ndani, sokoni Majengo biashara iliendelea, ila masomo hakuna, Ligi Kuu imesimama, mikusanyiko marufuku. Wenzangu wakaondoka mmoja mmoja. Nikawa nalala saa kumi alfajiri, naamka saa nane mchana, bando likiisha naunga jingine. Siku kumi hivi. Sijawahi kuchoka vile bila kufanya kitu.

Bibi akapiga simu: uwele unakomaa na mtu wa kuamia ndege hakuna. Nikapanda gari kwenda Mvumi.

Kwelea kwelea hawana huruma. Wanakuja kundi zima, alfajiri na jioni, na wakitua shamba linageuka rangi. Unapanda dunguni jua halijachomoza, una kombeo na madonge ya udongo, unapiga kelele mpaka sauti inakauka. Siku ya tatu nilisinzia. Nilipozinduka, upande wa korongoni walikuwa wameshamaliza. Babu hakunifokea. Alivunja suke moja akaniwekea kiganjani. Lilikuwa jepesi kama unyoya, limebaki makapi.

"Huu ulikuwa uji wa bibi yako," akasema.

Sikusinzia tena.

Jua likiwa kali ndege hujificha mitini, nasi tunapumzika. Chini ya mkwaju babu alichimba mashimo 32, safu nne za manane, tukaokota kokoto 64. Bao alijifunzia kwenye mashamba ya mkonge Morogoro, enzi za ujana wake. Mimi nilitaka kula kete zake haraka haraka. Kete yangu ya mwisho inaangukia shimo tupu, nimelala, zamu inahamia kwake.

"Tulia, mjukuu wangu. Nyumba haivunjwi kwa pupa." Nyumba ndilo shimo kuu la kila mchezaji.

Wiki mbili sikumfunga hata mara moja.

Geto nilikuwa na starehe ya kutwa kucha, wala hakuna saa iliyonikolea. Mvumi nilikuwa na saa chache tu kati ya ndege wa asubuhi na wa jioni, na nilizisubiri kwa hamu. Naamini mapumziko yanataka kuwa na mwanzo na mwisho, na mtu wa kuketi naye. Ila bibi hakuwa nayo: sisi tukicheza, yeye anachota maji, anasonga ugali, anapika mlenda. Nilichelewa kuliona hilo. Nilipoliona, ndoo za maji zikawa zangu, naye akaanza kuja mkwajuni kumsimanga babu akikosea.

Vyuo vikafunguliwa 1 Juni. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta babu ameshapanga kokoto: sita kwenye nyumba, mbili, mbili, ishirini na mbili mkononi. Gari la kwanza nikaliacha lipite.