Nilivyomsaidia mama kuzielewa dawa zake za presha na sukari

Mama yangu ana presha na sukari muda mrefu sasa, na shida yetu haikuwa kukosa dawa, dawa zilikuwepo, ila alikuwa anameza tu bila kujua hii kazi yake nini na ile kazi yake nini. Kwa hiyo siku akiamka vizuri anaacha, siku kichwa kikigonga anameza mbili kwa mpigo. Mi si daktari wala nesi ila ni mama yangu, nikaamua nikae na hizo dawa nizielewe moja moja.

Nikamwaga mfuko wake wote mezani. Vile vibahasha vya dawa vimeandikwa 1x1 (kimoja mara moja kwa siku), 1x2 (kimoja mara mbili) kwa peni, vingine wino umeshafutika, vidonge vyeupe vyeupe vinafanana, na katikati yake kuna diklofenaki, dawa ya maumivu aliyonunua mwenyewe ya magoti. Nikabeba mfuko mzima kama ulivyo hadi kwa mfamasia, na yule dada, Mungu ambariki, alitoa muda wake akanielewesha.

Alianza na amlodipini, dawa ya presha. Hii inalegeza misuli ya kwenye kuta za mishipa ya damu, mishipa inatanuka, damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, ndo maana ni 1x1, na inafanya kazi polepole, kwa hiyo kumeza mbili sababu kichwa kinauma hakumsaidii saa hiyohiyo. Na ile presha kuwa nzuri siku anayojisikia mzima ni dawa ndo imeishikilia, akiacha inapanda tena, mara nyingi bila dalili yoyote. Hapo ndo mama alinielewa kabisa nilivyomwambia. Halafu hiyohiyo amlodipini inaweza kuvimbisha miguu, na majirani walishamtisha kwamba figo zimekufa, akataka kuacha dawa zote. Tulienda akapimwa figo, ziko salama.

Kikohozi sasa. Mama alikohoa kikavu miezi na miezi, akanywa tangawizi, akanywa dawa za kifua, wapi. Kumbe alikuwa kwenye enalaprili, dawa nyingine ya presha, ambayo inazuia mwili usitengeneze kemikali ya kubana mishipa, lakini wakati huohuo kuna kemikali nyingine inaitwa bradikinini inashindwa kuvunjwavunjwa, inajaa, inawasha njia ya hewa, mtu anakohoa. Mfamasia akasema asiache kienyeji, tumrudishe kwa daktari, na daktari akambadilishia losartani ambayo inazuia ileile kemikali ya kubana mishipa ila haigusi bradikinini. Baada ya wiki kadhaa kikohozi kikaisha chenyewe. Yaani kama una mzazi anameza dawa za presha na anakohoa bila makohozi wala homa, ulizeni hili jamani, ni jambo linajulikana kabisa hospitali.

Metformini ya sukari ilikuwa inamharisha, nayo tulirekebisha kwa kumeza katikati ya chakula badala ya tumbo tupu. Kazi yake kubwa ni kufanya ini lipunguze kumwaga sukari kwenye damu.

Kilichoniuma zaidi ni diklofenaki, maana hiyo inauzwa kama karanga. Inafanya mwili ushikilie chumvi na maji, presha inapanda, yaani inapigana na dawa za presha alizomeza asubuhi, na ukiichanganya na losartani figo zinaweza kuumia hasa kwa mtu mzima mwenye sukari. Kliniki walikuwa hawajui anaitumia sababu yeye anahesabu hiyo ni dawa ya maumivu tu, si dawa ya kutaja. Tukamweleza daktari, akamwambia magoti yakiuma atumie Panadol kwa kipimo alichomwandikia.

Sasa hivi kila kibahasha nimekiandika upya kwa maka pen, herufi kubwa: YA KUTANUA MISHIPA, ASUBUHI. YA SUKARI, NA CHAKULA. Mama akiulizwa kliniki anameza nini anajibu mwenyewe hadi kazi yake, na presha yake mara nyingi inasoma chini ya 140 kwa 90. Miguu bado inavimba kidogo jioni, kliniki ijayo tunamuuliza daktari kama dozi ya amlodipini inaweza kushushwa.