Nilivyoandika miaka yangu ya sekondari baada ya kustaafu

Nilistaafu mwaka 2021, baada ya kufanya kazi ya masijala hapa Dodoma maisha yangu yote ya utumishi. Mafao yalipotoka niliezeka nyumba upya, nikaongeza banda la kuku, nikabaki na mchana mrefu usio na kazi. Mjukuu wangu ndiye aliyenichokoza: "Bibi, si uandike ya shule, kila siku unatusimulia nusu nusu." Nikanunua kaunta buku.

Kufuata mwaka baada ya mwaka hakukunifaa. Kichwa hakikumbuki hivyo. Nikarudi kwenye ninachokijua, kufungua majalada. Treni jalada lake, bwalo lake, maji lake, mchakamchaka lake, matroni lake (huyu angestahili kabati zima). Kumbukumbu ikinijia, hata nikiwa kwenye daladala, naiandika kwenye kikaratasi; jioni naiingiza panapohusika na kuipa namba ya folio. Mjukuu anacheka, lakini hakuna kilichopotea.

Jalada la treni ndilo lililonenepa kuliko yote. Kwetu ni Itigi, na shule yetu ya wasichana ilikuwa nje kidogo ya mji wa Dodoma. Tulisafiri kwa waranti ya serikali (hati ya kusafiria bila kulipa nauli), daraja la tatu, tumekalia masanduku yetu ya bati maana viti vilishajaa huko nyuma. Manyoni alipanda mwenzangu tuliyekuwa tukikaa dawati moja. Saranda ndipo palipokuwa na kuku wa kuchoma. Akina mama walipita chini ya madirisha na masinia kichwani, harufu inakuja kabla yao. Tulichanga senti zetu tukapata paja moja. Yeye alikula mnofu, mimi nikabaki na mfupa nikaunyonya mpaka Kintinku, na hatukugombana, kwa sababu safari iliyotangulia ilikuwa zamu yangu ya mnofu. Halafu Bahi, Kigwe, vumbi, na Dodoma unashuka nywele zimebadilika rangi.

Tarehe nilizipata kwa kuegemea mambo ya nchi. Nilikuwa kidato cha pili CCM ilipozaliwa, tarehe 5 Februari 1977, kwa hiyo yote tuliyoyafanya na yule mwalimu mpya wa siasa ni ya mwaka huo. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na reli ikawa ya Shirika la Reli Tanzania. Na usiku ule tuliojazana dirishani kwa matroni kusikiliza redio, Mwalimu Nyerere akisema kuhusu Idi Amin kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, ni mwanzoni mwa Novemba 1978, tukiwa kidato cha tatu. Ukishika misumari mitatu kama hiyo, mengine unayatundika.

Wenzangu wa darasa nao wamesaidia, ingawa kwa makelele. Tuna kundi la WhatsApp, na swali la kama tulikula ugali wa yanga (wa mahindi ya njano) shuleni au ni ule wa njaa ya 1974 tukiwa bado shule ya msingi limezua ugomvi wa wiki nzima. Nimeandika pande zote mbili.

Jalada lililonipa kazi ni la yule mwenzangu wa Manyoni. Aliitwa ofisini katikati ya kipindi cha hesabu, tukiwa kidato cha tatu, na darasani hakurudi. Alikuwa mjamzito. Sisi wa bweni lake ndio tuliomfungia sanduku, na tukakatazwa kumsindikiza stesheni. Miaka yote hiyo hatukuwahi kulizungumza, hata tulipokutana misibani. Sikuona haki ya kuliandika bila kumuuliza, nikampigia.

"Mbukwa!" akaitikia kwa salamu ya Kigogo, nyuma yake kuku wanalia. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Andika yote, shoga, ila jina usiweke. Na uandike kwamba hesabu nilikuwa nakushinda."

Nimeandika, na ni kweli alinishinda. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni baada ya kujifungua. Yeye wakati huo alikuwa na wajukuu na shamba la alizeti. Sehemu yake nilimsomea kwenye simu neno kwa neno, akanirekebisha mahali pawili: sanduku lilikuwa la kijani, na hakulia.

Kaunta buku ya kwanza imejaa, mjukuu anaichapa kwenye kompyuta na ameanza kudai posho. Mimi nasubiri picha ya darasa ambayo mwenzetu wa Kondoa anasema anayo. Ameahidi tangu Pasaka.