Kipimo cha Tairi Kilivyonichagulia Gari

Kijana wa ukaguzi alichuchumaa nyuma ya gari, akachomeka kipimo cha kina kwenye mfereji wa tairi la kulia, akasoma, akasogea kidogo, akachomeka tena. Kisha akaniita.

"Mama, hebu sogea uone."

Ukingo wa nje ulikuwa na milimita 4.1. Katikati 3.8. Ukingo wa ndani, ambao huuoni mpaka upige magoti, 1.4.

"Hili kwetu limekwisha," akasema. "Na la kushoto vilevile."

Ilikuwa Machi 2022, siku 80 kabla ya mkataba wangu wa kukodi gari kwa miezi 36 kufikia mwisho. Nilikuwa nimeomba ukaguzi wa awali, ule unaofanywa mapema ili mwenye gari, yaani kampuni ya ukodishaji, akuambie atakudai nini siku ya kurudisha. Kichwani nilishachagua gari la kufuata: sedani ya kifahari yenye roho ya michezo, rimu za inchi 19, injini kubwa kuliko niliyokuwa nayo. Saa moja ya kuzunguka gari na kijana yule ilipangua mipango yote hiyo.

Nianze na matairi, maana hapo ndipo palipouma zaidi. Mbele nilikuwa na 225/40 R19 na nyuma 255/35 R19: namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ukuta wake kama asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Matairi ya nyuma kuwa mapana kuliko ya mbele hupendeza macho, na hushika lami vizuri unapokanyaga mafuta ukitoka kwenye kona. Lakini huwezi kuyahamisha ya nyuma kwenda mbele ili yalike kwa zamu. Tena sedani za aina hii magurudumu yake ya nyuma hulazwa kidogo, juu yakiinamia ndani, ili tairi likae bapa gari linapoegemea upande kwenye kona. Barabara ikinyooka, ukingo wa ndani ndio unaobeba mzigo. Hilo peke yake halimalizi tairi kwa kasi niliyoiona. Kinachomaliza ni magurudumu kupoteza mwelekeo, mawili ya nyuma yakaangalia nje kwa sehemu ndogo ya digrii, tairi likawa linaburuzwa kila mita linapozunguka. Katika mwaka wa pili nilipiga shimo, nikabadilisha tairi lililopasuka, nikaendelea na safari zangu. Sikupeleka gari kupimwa alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Kosa lilikuwa hapo.

Yaliyobaki aliyaandika haraka. Rimu zote 4 zilikuwa zimekwaruzwa na ukingo wa barabara. Mdomo wa buti ulikuwa na mistari iliyofika kwenye rangi ya chini, kazi ya kiti cha magurudumu cha mama yangu. Kioo cha mbele kilikuwa na alama ya kokoto, ndogo, nje ya eneo la macho ya dereva. Mkwaruzo wa mlangoni ulifunikwa wote na kadi aliyouwekea juu, akauacha. Na kilomita: mkataba uliniruhusu 45,000, dashibodi ilikuwa inasoma 51,300. Aliuliza pia kama ufunguo wa pili upo. Ulikuwepo, ila watu wengi huukumbuka siku ya mwisho, na ufunguo wa gari la daraja hili ni kitu cha kuagizwa na kuandikwa kwenye kompyuta ya gari, siyo cha kuchongwa.

Karatasi ile niliisoma tena usiku, nikaona kwamba gari linalorudi limeniandikia masharti ya gari linalokuja. Nilihitaji kilomita 20,000 kwa mwaka, siyo 15,000. Nilihitaji tairi la ukubwa mmoja pande zote 4, na ukuta wa tairi mrefu zaidi. Hesabu ya ukuta ni rahisi: 225/40 ni milimita 225 mara asilimia 40, yaani milimita 90. Ukishuka hadi rimu ya inchi 18 yenye 225/45, unapata milimita 101. Sentimita moja hiyo ya mpira ndiyo inayosimama kati ya rimu na shimo. Na nilihitaji buti ambalo kiti cha mama kitaingia bila kuburuzwa.

Wiki iliyofuata nilijaribu magari matatu kwa siku moja: BMW 330i, Mercedes C 300 ya umbo lililotoka 2021, na Audi A4 45 TFSI quattro. Kwenye karatasi ni kama ndugu. Yote yalikuwa na silinda 4, lita 2, turbo, na nguvu farasi kati ya 255 na 265 kutegemea soko. Ndiyo maana kuyalinganisha kwa nguvu ni kupoteza muda. Nilikuwa na njia moja kwa yote matatu, dakika 40: kipande cha lami mbovu, matuta, foleni, kilomita kadhaa za barabara kuu, mwisho kurudi kinyumenyume kwenye maegesho finyu. Redio imezimwa, mfumo wa kuendesha uko kwenye starehe, halafu mara moja tu kwenye michezo.

Kabla ya kuondoka nilipima upepo, tairi likiwa baridi. Nashauri kila mtu afanye hivi. Magari mapya husafirishwa yakiwa na upepo mwingi ili matairi yasikae bapa njiani, na wakati mwingine hakuna anayekumbuka kuutoa. Moja kati ya yale matatu, ambalo silitaji, lilikuwa na bar 3.1 badala ya 2.4 zilizoandikwa kwenye nguzo ya mlango. Muuzaji alikuwa mwungwana, akashusha mwenyewe. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba ningelikataa gari lile kwa ugumu ambao haukuwa wake.

Foleni ilitenganisha magiaboksi. BMW ina gia 8 na Mercedes gia 9, zote za otomatiki ya kawaida inayopitisha nguvu kwa mafuta ya giaboksi, kwa hiyo ukiachia breki gari linatambaa kwa ulaini. A4 ina gia 7 na klachi mbili. Ikishakimbia inabadilisha kwa wepesi unaofurahisha, lakini kwenye kutambaa kwa mwendo wa miguu unaihisi ikishika na kuachia. Mtu wa barabara kuu hatalijali hilo. Mimi nusu ya kilomita zangu ni foleni.

Kwenye taa za barabarani Mercedes iliniteka. Ilikuwa na jenereta ya volti 48 iliyofungwa pamoja na giaboksi, iliyoweza kuongeza kilowati 15, na injini inapojizima na kuwaka tena hakuna unachohisi mkononi. Mlio tu unarudi. Ndani ni pazuri kuliko yote matatu, bila ubishi. Ila kiyoyozi kiko kwenye skrini ya inchi 11.9, na mimi nataka kugeuza joto bila kuondoa macho barabarani. Vilevile gari nililopewa lilikuwa na matairi mapana nyuma, 245/40 R18, na mkataba wa mpangilio huo nilishausaini mara moja.

Kwenye kona Audi ilitulia kama imebandikwa. Quattro yake, yaani nguvu kwenda magurudumu yote 4, ni rafiki wa kweli wakati wa mvua. Injini yake imekaa mbele ya ekseli ya mbele, na kwenye kona inayokaza ghafla unasikia pua ikitaka kuendelea moja kwa moja kabla mfumo haujairudisha. Siyo kasoro, ni tabia, na dereva asiye na haraka hatakutana nayo. BMW uzito wake umegawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, na pua inaingia pale unapoielekeza. Nilikuwa najidanganya kwamba nimepita umri wa kujali jambo hilo. Kona ya tatu nilikuwa natabasamu.

Buti niliyajaribu kwa kiti chenyewe. Vipeperushi vilisema lita 480 kwa BMW, 460 kwa Audi, 455 kwa Mercedes, lakini lita hazikuambii kitu kuhusu upana wa mdomo wala kimo cha kunyanyulia. Katika yote matatu kiti kiliingia pale tu nilipochomoa magurudumu yake makubwa. Jambo hilo ningeweza kulifanya miaka 3 yote iliyopita. Nilinunua pia kipande cha mpira cha kulalia mdomo wa buti.

Hesabu ndiyo ilikuwa ngumu kuwaeleza wa nyumbani, kwa sababu gari lenye bei ndogo siyo lazima liwe na malipo madogo. Unapokodi, unalipia kushuka kwa thamani pamoja na riba. Tuseme gari moja bei yake ni 100, na kampuni inakadiria litabaki na thamani ya 58 baada ya miezi 36. Linashuka 42, gawa kwa 36, unapata 1.17 kwa mwezi. Riba katika mikataba mingi hupatikana kwa kujumlisha bei na thamani ya mabaki, kisha kuzidisha kwa kizidisho kidogo. Chukua 0.002: 158 mara hiyo ni 0.32. Jumla 1.48. Sasa gari la pili limepunguzwa bei hadi 94, lakini thamani yake ya mabaki ni 50. Linashuka 44, yaani 1.22 kwa mwezi, riba 0.29, jumla 1.51. Umepata punguzo la 6 na bado unalipa zaidi kila mwezi. Kizidisho nacho ukitaka kukijua kama riba ya mwaka, kizidishe kwa 2400: 0.002 ni asilimia 4.8. Nilimwomba kila muuzaji namba 3 tu: bei baada ya punguzo, thamani ya mabaki, kizidisho. Aliyeniambia "malipo ya mwezi ni haya tu, dada, usijichoshe" sikurudi kwake.

Neno la ziada hapa: usiweke malipo makubwa ya awali kwenye gari la kukodi ili kushusha malipo ya mwezi. Likigongwa na kuharibika kabisa mwezi wa pili, bima inamlipa mwenye gari, na fedha yako ya awali imekwenda.

Gari la zamani nalo lilinipa neema ambayo sikuitarajia. Uhaba wa chipu za kompyuta ulikuwa umepunguza uzalishaji wa magari mapya, na bei ya yaliyotumika ikapanda. Mkataba wangu ulikuwa umeandika tangu 2019 bei ambayo gari lingeuzwa mwishoni, na sasa sokoni lilikuwa na thamani zaidi ya hiyo. Nilisoma kifungu cha ununuzi mara mbili. Kiliruhusu mfanyabiashara mwingine alinunue kwa niaba yangu. Mikataba mingine hairuhusu, kwa hiyo soma wako. Niliwaza kulibakisha mimi mwenyewe. Dhamana ilikuwa inaisha, matairi 2 na diski za breki za nyuma zilikuwa zinadai kubadilishwa, na kilichobaki ni gari lilelile la matairi mapana nyuma. Nikaliuza. Mnunuzi alikata gharama ya matairi, akalipa kampuni ya ukodishaji, akanipa kilichobaki. Adhabu za rimu na za kilomita zikafa hapohapo. Kabla ya kukabidhi nilifuta simu yangu, anwani zangu na namba ya kufungulia geti kwenye kumbukumbu ya gari, nikapiga picha kila upande, na ya mwisho ikawa ya dashibodi yenye kilomita.

Nikachukua 330i, kilomita 60,000 kwa miezi 36. Mei mwaka huohuo BMW ilitangaza 3 Series iliyoboreshwa, yenye skrini za inchi 12.3 na 14.9 zilizounganishwa, na vitufe vingi vya kiyoyozi vikaondolewa. Langu lilikuwa la umbo lililotangulia, lenye vitufe, lililokuwa tayari ghalani. Muuzaji alinionyesha jingine lenye rimu za 19 kwa tofauti ndogo, akasema litapendeza zaidi. Kweli lilikuwa linapendeza. Nilimwonyesha kwa kidole mstari wa fomu: 225/45 R18, mbele na nyuma.

Siku ya kulipokea nilikwenda na kipimo changu mwenyewe. Nilipiga magoti kwenye sakafu safi ya ukumbi, nikapima kila tairi mahali patatu, nje, katikati, ndani, nikaandika namba 12 kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha matengenezo, na chini yake kilomita: 14.