Sauti ya Paul Robeson
Jana usiku nimeangalia filamu ya Show Boat ya mwaka 1936, ile isiyo na rangi aliyoiongoza James Whale. Ni kisa cha familia ya Kapteni Andy Hawks, wanaopita mji hadi mji kwenye mto Mississippi ndani ya meli ambayo yenyewe ndiyo ukumbi wa maigizo. Mapenzi ya binti yake, Magnolia, na mcheza kamari Ravenal ni matamu. Lakini Paul Robeson, yule mwimbaji na mwigizaji Mmarekani mweusi, jamani! Anaimba "Ol' Man River" akiwa ameketi gatini, sauti nzito inamtoka kifuani bila haraka yoyote. Nilirudisha nyuma nikasikiliza upya.

Aliyeniliza ni Julie, mwigizaji wa melini, anayelazimika kuondoka melini kwa sababu ana damu ya Kiafrika na mumewe ni Mzungu. Sheria ya Mississippi ilikataza ndoa hiyo. Ile ya rangi ya 1951, ya Ava Gardner, inapendeza macho, ila kwangu haifikii hii.

Na mnajua kwamba Robeson alijifunza Kiswahili alipokuwa London miaka ya 1930? Nimefurahi mno. Mwenye nyimbo zake nyingine anitumie, tafadhali.