Baki ni Nyongeza: Nilivyofundisha Kugawanya kwa Mdako

Nilipomaliza chuo cha ualimu ajira haikuja, na kukaa sebuleni kwa dada nikiisubiri nisingeweza. Nikafungua tuisheni barazani kwake hukohuko Charambe, Mbagala. Ubao ulikuwa kipande cha plaiwudi nilichopaka rangi nyeusi, mikeka miwili, na watoto kumi na mmoja wa darasa la pili na la tatu. Kila mmoja alikuja na mia tano yake ya siku ameikunja katikati ya daftari.

Kusoma tulisukumana vizuri. Kuzidisha nako hakukunipa tabu, walikariri jedwali kama kaswida. Tulikwama kwenye kugawanya, hasa kule kunakoacha baki. Nilichora duara, nikachora maembe, nikagawa maembe ya kuchora kwa watoto wa kuchora, wapi. Binti mmoja wa darasa la tatu aliniandikia 12 ÷ 5 = 5. Nikamuuliza tano umeitoa wapi. Akanionyesha kwa ncha ya penseli: "Si hii hapa, madam?"

Huyo binti mama yake anauza samaki. Nimtaje hivyo tu, kwa sababu biashara ya mama itarudi baadaye.

Siku moja saa kumi na nusu jioni niliwapa mapumziko, wasichana wakakimbilia pembeni ya bomba ambako mchanga una unyevu. Mchanga wa Mbagala ukiwa mkavu hauchimbiki, shimo linajifukia lenyewe. Hapo penye unyevu wakachimba kishimo cha upana wa kiganja, wakatia kokoto walizookota kwenye ujenzi wa jirani, wakaanza mdako.

Kwa aliyekulia ghorofani: unarusha kijiwe kimoja juu, na kabla hakijashuka, mkono uleule unakomba vijiwe vilivyomo shimoni na kuvitoa nje, kisha unadaka kile ulichorusha. Unarusha tena, na safari hii unavirudisha vyote shimoni isipokuwa kimoja, ambacho unakiweka kando. Unaendelea hivyo mpaka shimo liishe. Huo ni wa kwanza. Ukifika wa pili unabakisha nje viwili viwili, wa tatu vitatu vitatu, na kuendelea. Ukikosa kudaka, au ukibakisha pungufu au zaidi, zamu inahama. Sheria ndogondogo zinatofautiana mtaa na mtaa, na watoto wa Dar, ambao wazazi wao wametoka kila kona ya nchi, wana uwezo wa kugombania sheria hizo muda mrefu kuliko wanavyocheza.

Siku hiyo waligombania sheria moja tu. Yule binti wangu wa "si hii hapa" alikuwa amefika wa tano, shimoni vijiwe 12. Hata hajarusha, akamwambia mwenzake: "Mimi natoa mara mbili, viwili vinabaki. Hivyo viwili navikomba pamoja, havinihesabiki." Mwenzake akakataa: kama havifiki tano, zamu imeisha. Wakapandishiana sauti. Mimi nimesimama na kikombe cha maji mkononi, kinywa wazi. Saa moja nyuma swali hilohilo lilikuwa limemtoa jasho.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Hapana. Kesho yake niliuharibu mchezo.

Niliwaita wote kwenye shimo, nikawa nasimamisha kila mrusho: "Haya, ametoa vingapi? Vimebaki vingapi? Andikeni." Mdako ukisimamishwa kila mrusho haudakiki tena, mkono unapoa. Siku ya pili nikajitia kuwa mbunifu zaidi nikachukua ule mchezo wa nyama nyama nyama, ambao kiongozi anataja mnyama na wengine wanaruka na kuitikia kama analiwa, wakinyamaza kama haliwi. Ukiruka kwenye chura, umetoka. Kwa watoto wa darasa la kwanza ni somo zuri la kusikiliza kabla ya kujibu. Mimi nikaondoa wanyama nikaweka namba: rukeni nikitaja namba inayogawanyika kwa tatu. Wakaruka mara nne tano kwa adabu. Kisha kijana mmoja akaniambia, bila ubaya wowote, "Madam, huu siyo mchezo tena. Ni hesabu, ila tumesimama."

Kauli hiyo nilitembea nayo siku mbili nzima. Nilikuwa nabandika hesabu juu ya mchezo, wakati kwenye mdako hesabu ilishakuwemo ndani, na yule binti alikuwa ameshaitoa kwa mdomo wake bila kuulizwa. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha kwenye daftari.

Basi niliongeza sheria moja tu, nikanyamaza. Kabla ya kurusha, mchezaji anatabiri: atatoa mara ngapi, na vitabaki vingapi. Mwenzake anaandika utabiri kwa chaki kwenye sakafu ya baraza. Ukikosea utabiri, zamu imehama hata kama umedaka vizuri. Kwa hiyo mtu mwenye mkono mzito lakini kichwa kizuri naye akapata nafasi ya kushinda, na hilo liliwavuta wale waliokuwa wanakaa pembeni.

Mwanzoni waliandika kwa maneno yao: "12, wa 5, mara 2, baki 2." Niliacha hivyo wiki nzima, sikugusa kitu. Wiki ya pili nikawaambia kuandika "wa" kunachelewesha mchezo, wachore vitone viwili na kistari katikati. Wakachora. Siku iliyofuata "mara" ikawa alama ya sawasawa. Ijumaa nilifuta sakafu yote, nikaandika ubaoni 12 ÷ 5 =, nikarudi nyuma. Yule binti alikodoa macho, akainua mkono wake wa kulia kidogo, vidole vikafanya kama vinakomba kitu hewani, mara moja, mara mbili. Akaandika 2 baki 2.

Ule mkono hewani ndio niliokuwa nautafuta.

Wavulana walikuwa tatizo la peke yake. Mdako ni wa wasichana, walisema, na walikaa na gololi zao. Gololi nazo zina hesabu, lakini wanachezea kula, na anayeliwa zote analia, na anayelia ana kaka. Baada ya ugomvi wa pili nilizipiga marufuku barazani kwangu. Nikaenda kijiweni kwa wazee wanaocheza bao karibu na msikiti, nikawaomba ubao mmoja wa zamani. Walicheka sana, msichana mzima anaazima bao. Ila mzee mmoja aliniletea mwenyewe jioni, na mfuko wa kete za komwe, akakaa kabisa kufundisha.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64. La wakubwa lina hatua mbili, namua na mtaji, na shimo maalumu liitwalo nyumba, na hayo hayaingii kichwani kwa jioni moja. Aliwaanzishia la kujifunza: kete mbili kila shimo, unachota, unasambaza moja moja kuzunguka mashimo yako 16. Mtoto mmoja alipoanza kuhesabu mashimo kwa kidole kabla ya kuchota, mzee akamshika mkono taratibu: "Hapana mjukuu wangu. Ukihesabu kwa kidole, mwenzio naye anahesabu. Hesabu kwa macho." Nimesoma ualimu miaka miwili, na hakuna aliyenieleza hesabu za kichwani kwa ufupi namna hiyo.

Kombolela niliipa siku moja tu. Mmoja analinda kopo, wengine wanajificha, na anayefanikiwa kulipiga kopo teke anawakomboa waliokwisha kukamatwa. Ninaupenda kwa sababu mtoto anajitia hatarini kwa ajili ya wenzake. Lakini kijana mmoja alijificha nyuma ya friji bovu kwa fundi jirani akasinzia, tukamtafuta nusu saa nzima huku bodaboda zinapita, nikimwazia kila baya. Toka hapo nikasema kombolela ni ya kwao majumbani.

Rede ilibaki. Mmoja yuko katikati anajaza chupa mchanga, wawili wanamlenga kwa mpira kutoka pande mbili. Wenzetu wa Zanzibar wanauita nage. Tuliutumia kujua kwamba chupa mbili za nusu lita zinajaza ile moja ya lita, basi, hakukuwa na kubwa zaidi. Sisi mpira wa rede tulikuwa tunausokota kwa mifuko ya rambo. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mitaro ya Mbagala ilipumua, ila watoto walipoteza kiwanda. Wa sasa wanajaza vitambaa kwenye soksi, na mpira wa soksi ukilowa unauma mgongoni, muulize aliyepigwa.

Sasa, mama wa samaki. Alikuja siku moja kabla ya magharibi, ndoo tupu kichwani, akamkuta mwanawe amepiga magoti mchangani.

"Madam, samahani. Hivi mimi natoka soko la Feri saa hizi, nimeamka saa tisa usiku, nakulipa mia tano mtoto aje kuokota kokoto?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku kama hiyo. Nilitaka kumwambia kwamba Mwalimu Nyerere naye alipenda bao. Nilitaka kumwambia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapotaja yanayompasa mzazi kwa mtoto wake, imeweka kucheza na mapumziko kwenye orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Yote ya kweli, na yote yangemkera zaidi mtu aliyeamka saa tisa usiku. Nikamwomba tu akae. Nikamwambia mtoto, mwonyeshe mama.

Mtoto akatabiri, "wa tano, mara mbili, baki mbili," akarusha, akakosa kudaka. Mama akasonya. Akatua ndoo. "Unakomba kama unachota uji," akasema, akavua kandambili, akachuchumaa. Akaenda wa kwanza mpaka wa nne bila kukosa. Watoto wote wakaja kuangalia. Alipofika wa tano akatoa mara mbili, vikabaki viwili, akasema kwa sauti ya sokoni kabisa, "Na hii nyongeza."

Binti akageuka. "Nyongeza?"

"Si ndiyo. Vibua kumi na viwili, mafungu ya watano watano, unapata mafungu mawili. Viwili haviwezi kuwa fungu. Unamwongezea mteja wako akurudie kesho."

Nilikuwa nimefundisha baki kwa mwezi mzima kama kitu kilichoshindikana, uchafu wa mwisho wa hesabu. Huyu mama alikuwa anautumia kila siku kama mtaji wa kumvuta mteja. Kuanzia jioni ile barazani kwangu hakuna aliyesema baki. Ilibidi niwakumbushe kwamba kwenye mtihani waandike baki, msahihishaji hatajua nyongeza.

Kokoto ziliwachubua vidole. Kokoto ya kupasuliwa ina makali, kwa hiyo tuliokota vijiwe laini ufukweni siku ya Jumapili, na vingine tukaweka vizibo vya soda. Masika ilipokuja kishimo kikageuka dimbwi, tukahamia barazani na bakuli la plastiki lililotoboka. Bakuli lina kelele, na vijiwe vinaruka nje, lakini linatosha.

Matokeo yake? Yule binti mtihani wa muhula alipata 31 kwa 50, alitoka 14. Wengine saba wamepanda, kidogo kidogo. Kuna kijana mmoja hakupanda kabisa, na nilichelewa kugundua kwamba kwenye bao ananishinda hata mimi. Tatizo lake ni kusoma swali. Ukimsomea, anajibu. Huyo nilimpotezea mwezi kwenye kokoto wakati alihitaji herufi.

Jambo la mwisho lilianza kwa bahati mbaya. Nani sijui aliongeza kijiwe kimoja shimoni, vikawa 13. Wa pili, kimoja kikabaki. Wa tatu, kimoja. Wa nne, kimoja tena. Wa tano vikabaki vitatu, wa sita kimoja. Wakadhani kuna anayewachezea rafu, wakahesabu upya, 13 vilevile. Wakaiita namba mchoyo, kwa sababu haikubali kugawanyika sawasawa kwa watu. Wenyewe madarasa ya mbele watakuja kuambiwa inaitwa namba tasa. Mimi sikusema.

Jumanne iliyopita, wakati nafagia baraza, binti wa samaki alibaki nyuma na lile bakuli mapajani.

"Madam, kuna mchoyo mwingine, mkubwa kuliko huyu?"

Nilitia mkono mfukoni, nikamwongezea vijiwe vinne.