Mti haukula udongo

Baba yangu anachoma mkaa Kilosa tangu mimi sijazaliwa. Mimi nafundisha Sayansi shule ya msingi. Likizo ya Juni nilikwenda kumsaidia kufukia tanuru, na tulipokaa kungoja moshi aliniuliza, "Mwanangu, hivi mti unakula nini hata unenepe namna hii?"

Nikamjibu: hewa, baba. Hewa na maji.

Hakukubali. Mti unakula udongo, akasema, kila mkulima anajua. Nikamwomba basi anioneshe shimo. Myombo alioukata ulijaza tanuru zima. Kama uzito wote ule ulitoka ardhini, pale penye kisiki pangekuwa bonde. Tukaenda kuangalia. Ardhi ilikuwa tambarare, majani makavu juu yake.

Nikamsimulia habari za Jan van Helmont, aliyeishi katika nchi tunayoiita leo Ubelgiji. Alipanda mche wenye ratili 5 ndani ya ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mti ukafika ratili 169. Udongo ulipungua wakia 2, hata robo ratili haikufika. Maandishi yake yalitoka 1648, baada ya kufa kwake, na humo alihitimisha kwamba mti wote ni maji. Aliisahau hewa.

Hewa anayokula mti ni hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksidi, nayo ni haba sana: katika sehemu 10,000 za hewa, yenyewe ni kama sehemu 4 tu. Hili hunishangaza kila mwaka ninapolifundisha. Jani huivuta kupitia vitundu vidogo, vingi vikiwa upande wa chini. Umbijani, ile rangi ya kijani ya jani, hunasa mwanga wa jua, nguvu hiyo hupasua maji, oksijeni inaachiwa itoke, na ukaa unafumwa kuwa sukari. Sukari ndiyo inayojenga shina. Gogo kavu la mti, karibu nusu ya uzito wake ni ukaa. Lugha yetu wenyewe ina ukoo huo: ukaa, mkaa, makaa.

Moshi ulianza mzito, mweupe. Ule ni maji yanayotoka kwenye kuni. Siku zilipopita ukawa mwembamba wenye ubuluu, baba akaamka kuziba matundu upesi. Oksijeni ikiendelea kuingia, mkaa unaisha, yanabaki majivu.

Majivu ndiyo yaliyomgeuza. Usiku, jiko lilipozima, aliyakung'uta chini. Mkaa ulikuwa umejaa jiko. Majivu hayakujaza viganja viwili. Nikamwambia hicho ndicho mti ulichochota ardhini: chokaa, potashi, madini kidogo. Kilichobaki chote kimerudi hewani wakati ugali unaiva. Akayapekua kwa kidole muda mrefu. "Kumbe ni hiki tu," akasema.

Kisha akauliza kuhusu makaa ya mawe ya Ruvuma. Nayo ni mimea, baba, ila ilivuta ukaa wake zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, ikazama matopeni, ikafukiwa. Mkaa wako unarudisha ukaa ambao mti uliuvuta katika umri wako wewe, na kisiki kikichipua kitauvuta tena. Ukaa wa yale mawe ulikuwa umeshatoka kwenye mzunguko. Tukiuchoma, tunauongeza juu ya ule uliopo, na hakuna msitu uliokatwa jana ukachipua unaoweza kuufuta. Ndiyo maana nawafundisha watoto wasiviweke vitu hivi viwili kapu moja.

"Kwa hiyo mimi nikichoma visiki nilime ufuta," akasema, "hewa inanidai."

Inakudai, baba.

Asubuhi alinipeleka kwenye visiki alivyovikata miaka miwili nyuma. Kimoja kilikuwa na machipukizi saba, mengine yananifika begani. Akachomoa panga, akapunguza matano, akaacha mawili yaliyonyooka.