Seneta wa Selma aliyemfungulia Leopold mlango

Hapa L'shi (Lubumbashi) ukitaja jina la Leopold II, yule mfalme wa Ubelgiji, kila mtu ana lake la kusema, mpira, mikono iliyokatwa, chicotte ile fimbo ya kuchapa watu, hata mtoto wa primeri atakusimulia. Lakini uliza nani alikuwa wa kwanza duniani kumtambua yule mzee kama mwenye Congo, utasikia Ubelgiji, wengine watakuambia Ujerumani yulu ya ule mkutano wa Berlin wa kuigawana Afrika. Kumbe ni Marekani! Tarehe 22 Aprili 1884, karibu miezi saba kabla Berlin haijaanza. Na mtu aliyelisukuma jambo hilo ndani ya Seneti alikuwa avoka, mwanasheria, wa mji wa Selma, Alabama, jina lake John Tyler Morgan. Kwa maoni yangu tungepaswa kumjua kama tunavyomjua Stanley, lakini masomoni hakuna aliyetutajia, mi nilimkuta tu nikiwa natafuta mambo mengine kabisa.

Maisha yake ya mwanzo nitapita haraka. Alizaliwa 1824 Tennessee, akakulia Alabama, sheria alijifunzia kwenye ofisi ya avoka mwingine bila kuona chuo kikuu. 1861 alikuwa ndani ya mkutano ulioamua Alabama ijitenge na Muungano, akaenda vitani kama askari wa kawaida akatoka jenerali wa brigedi, upande wa wale waliotaka utumwa ubaki. Walipigwa. Ungefikiri mtu wa namna hiyo siasa imemwishia, lakini wapi, 1877 huyu hapa anakaa kwenye kiti cha Seneti, na kile kiti hakukiacha mpaka kufa, miaka 30. Sisi tunaojua wakubwa wanavyopenda viti tusijifanye tunashangaa.

Sasa njo tuingie kwenye kiini. Shida ya Morgan ilikuwa nyumbani kwake. Karibu nusu ya watu wa Alabama walikuwa weusi, watumwa wa jana, sasa wako huru, na tangu 1870 katiba inasema wanaume wao wana haki ya kupiga kura. Kwake yeye hiyo ilikuwa balaa. Dawa aliyoiona ni kwamba waondoke, wavuke bahari warudi Afrika, "kwao", wakati wengi wao mababu wa mababu walizaliwa kule kule kwenye mashamba ya pamba. Na juu ya hiyo akawa anawaza soko: Afrika kuna watu wengi, watahitaji nguo, na pamba iko Alabama. Kitu alichokosa ni nchi ya kuwapeleka.

Ikaja kama imeagizwa. Henry Shelton Sanford, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani kule Brussels, mtu wa madeni na shamba la michungwa Florida, alikuwa akimfanyia Leopold kazi, na mwisho wa 1883 akatua Washington kuwabembeleza wakubwa, karamu juu ya karamu. Prezida Chester Arthur alimwelewa mpaka hotuba yake ya Desemba kwa Kongresi ikaisifu ile Association ya Leopold, chama alichokitumia kuishika Congo, kwa maneno ambayo karibu yote Sanford mwenyewe ndiye aliyeyaandika. Ile mikataba na machifu wetu aliyoionyesha pale ilikuwa imeshafanyiwa kazi Brussels, vipengele vya kumpa Leopold peke yake biashara vimefutwa, ili Mmarekani asome aone biashara huru kwa wote. Halafu Morgan kwenye kamati ya mambo ya nje akaandika ripoti ya kuitetea ile Association, hoja yake kubwa ilikuwa Liberia: kama chama cha watu binafsi kiliweza kuanzisha nchi kule, kwa nini hiki cha Congo kisiweze? Tarehe 10 Aprili Seneti ikakubali, siku 12 baadaye waziri Frelinghuysen akatangaza kwamba ile drapo (bendera) ya Association, ya bluu yenye nyota moja ya dhahabu, ni drapo ya serikali rafiki. Hakuna chifu hata mmoja wa Congo aliyeulizwa, wala mtu mweusi wa Alabama.

Watu wa Katanga, hapo msipite haraka. Desemba 1891 ni drapo ile ile ambayo kundi la Stairs, lililotumwa kumchukulia Leopold Katanga, lilikuja kuisimika Bunkeya, na siku iliyofuata Msiri, mfalme wa Bayeke, akapigwa risasi. Mi nimewasikia Bayeke wakiisimulia habari hiyo kwa uchungu kama ni ya mwaka jana. Ile karatasi ya Washington ilikuwa na miaka saba tu.

Turudi Selma. Morgan alikuwa na mwenzake wa zamani wa kazi ya uavoka, jaji Lapsley, na mtoto wa huyo jaji, Samuel Lapsley, akawa mchungaji wa Wapresbiteri. Kanisa lao la kusini lilikuwa na mchungaji mwingine, William Sheppard, mweusi wa Virginia, aliyekuwa anaomba kutumwa Afrika, nao wanamzungusha, hawataki aende bila mzungu wa kumsimamia. Lapsley alipokubali wakatumwa wote wawili, Morgan akafurahi sana na kuwasaidia kwa wakubwa wa Washington, maana aliwaona kama watu wa kumtengenezea njia. 1891 wakafungua misioni Luebo, kule Kasai. Sisi wenye wazee wa Kasai hapa L'shi tunalijua hilo kanisa, nyimbo zake zimetulea. Lapsley homa ilimuua Matadi mwaka uliofuata, bado kijana. Sheppard akabaki, akajua Kikuba, lugha ya Wakuba wa kule, na 1899 akaingia kwenye kambi ya Wazappo Zap waliokuwa wanaitumikia serikali ya Leopold, akakuta mikono ya watu imewekwa juu ya moto ikaushwe, yote ya kuume. Akaihesabu: 81. Akaandika, na dunia ikasoma.

Yaani mtu ambaye Morgan alitegemea aonyeshe kwamba Congo ni pazuri kwa weusi wa Marekani, ndiye aliyeonyesha ni machinjioni.

Leki (mdogo wangu) mmoja anayesoma historia alinibishia: "Yaya (mkubwa wangu), lakini mwisho alibadilika, si tumusamehe tu?" Ni kweli, 1904 ni Morgan huyo huyo aliyeupeleka mbele ya Seneti waraka wa wale waliokuwa wanapinga maovu ya Leopold. Ninamwandikia hiyo. Lakini tazama alikuwa anafanya nini kingine miaka ile ile: mpango wa kuwahamisha weusi hakuuacha, alibadilisha tu mahali, akawa anasema waende Ufilipino. Na 1901 Alabama ikapata katiba mpya iliyowaondoa karibu wote kwenye kura, kwa hiyo wale aliotaka kuwasafirisha hawakuwa tena na njia ya kumtoa kitini. Alichaguliwa tena, akafia mule mule Juni 1907. Chuo kikuu cha Alabama kiliweka jina lake kwenye jengo, likakaa pale mpaka 2020 ndipo wakalitoa. Leki ananiambia mi ni mkali mno. Sawa, labda, lakini kwangu bado hajasamehewa.